Mke Mwenza wa Chumba cha Nyuma

Saa tatu na robo asubuhi Masikio alirudi chumba cha nyuma na kikombe cha chai mkononi. Akakaa, akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha kuamsha kompyuta, na kompyuta haikumwambia kitu. Akabonyeza tena. Kimya. Akavua hedifoni, akazipuliza, akazivaa upya, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kama alivyofundishwa. Kilichosikika ni feni tu ndani ya boksi, ikivuma mfululizo.

Ukitaka kujua kwa nini jasho jembamba lilimtoka mtu mzima mbele ya mashine iliyonyamaza, lazima kwanza uijue kazi yake. Masikio alikuwa karani wa mahakama mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya jicho la kushoto na, miezi minane baadaye, la kulia. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Tangu hapo alifanyia kazi nyumbani. Ofisi zilimletea mikutano, mahojiano na kesi zilizorekodiwa, naye akaziandika neno kwa neno, na kikohozi cha mwenyekiti pia kama mteja anakitaka. Sikio la kushoto lilisikiliza rekodi, ambayo aliisimamisha na kuirudisha nyuma kwa pedali ya mguuni. Sikio la kulia lilisikiliza kompyuta ikimsomea kila alichoandika. Jina la Masikio alipewa na makarani wenzake, na hakulichukia.

Ile sauti ya kompyuta ndiyo iliyokuwa kituko cha nyumba. Ilikuwa sauti ya kike, na mwaka hadi mwaka aliiongezea mwendo mpaka ikawa inamwaga maneno kama kunde juu ya bati. Hakuna mtu mwingine aliyeambulia hata neno moja. Mapacha wao, walipokuwa bado nyumbani, walijaribu, wakashindwa, wakaishia kuiigiza. Mkewe, Mama Pacha, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliipa jina: mke mwenzangu. "Umeshinda na mke mwenzangu kutwa," angesema akirudi kazini, viatu bado miguuni. "Haya, na leo amekupikia nini?" Majirani walivunjika mbavu.

Masikio naye alicheka, maana mambo yalimkalia vizuri. Taa ya skrini aliipunguza hadi mwisho, kwani ya nini kwake? Na sauti hakuna aliyeielewa. Kwa hiyo alifanya kazi mlango ukiwa wazi, mke akipita na ndoo, akipita na shuka, na bado hapakuwa na mtu aliyejua anaandika nini. Sisi wenye macho huwa tunafunga mlango, tunafunika karatasi kwa kiganja, na bado tunakamatwa.

Kwa wiki tatu sasa alikuwa na siri. Shule ya wasioona katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, ilimwandikia barua pepe. Ilitaka mwalimu wa kuwafundisha vijana kazi hii hii ya kuandika kwa kusikiliza, mtu aliyeifanya kweli, siyo aliyeisoma kitabuni. Mkataba wa miaka miwili, na nyumba ndani ya uwanja wa shule. Mwalimu Mkuu, mwanamke ambaye mwenyewe hakuona tangu utotoni, alimalizia kwamba jibu la maandishi lifike kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ijumaa yenyewe ndiyo hii.

Kazi aliitaka. Aliitaka mno, mpaka alijikuta akifundisha peke yake bafuni. Lakini aliogopa. Hapa alijua kila kitu kwa hatua: kumi na nne kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake, mia mbili na sita hadi duka la kona, na shimo la hatua ya mia na tisini alilikwepa bila kufikiri. Kule asingejua hata mlango unafungukia upande gani. Sasa mwanamume wa miaka hamsini na mbili, baba wa watu wazima wawili, ataandikaje kwamba anaogopa mji? Akatafuta sababu nyingine ya kukataa, na iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa jikoni ikiosha vyombo. Jana jioni akaandika kwamba mkewe hataki kuhama. Mama Pacha hakuwa ameulizwa. Hata kwamba shule hiyo ipo hakujua.

Barua hakuituma. Aliiacha wazi kwenye kompyuta, eti aisome mara moja zaidi asubuhi, akili ikiwa imetulia. Asubuhi imefika, na kompyuta ndiyo hiyo imekufa ganzi.

Na asiseme hakuonywa. Kwa wiki hizo hizo tatu mashine ilimwomba kila siku aisasishe, naye kila siku alichagua "Nikumbushe baadaye", kwa sababu kila sasisho lilimhamishia vitu. Mkewe pia alimpangia baadaye. Jumapili aliahirisha kwa kuwa mkewe ametoka zamu ya usiku amechoka, Jumatano kwa kuwa amerudi na furaha na kumwaga furaha ya mtu ni dhambi. Mashine ilichoka kusubiri kabla ya mke. Yeye anakunywa chai sebuleni, yenyewe ikaanza kujisasisha.

Aligusa skrini kwa kiganja kuona kama ina joto. Ilikuwa na joto kidogo, au labda ni kiganja chake. Akainuka, akazunguka chumba, hatua nne kwenda, nne kurudi, akakaa, akabonyeza, akainuka. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kila nusu saa, na leo ilimkera kupita kiasi. Akachukua simu yake ya vibonye, akampigia fundi wa kompyuta, dada mmoja aliyewahi kumtengenezea pedali.

"Skrini inaonyesha nini?" fundi aliuliza. Nyuma yake zilisikika honi za magari.

"Sijui."

"Itazame basi, mzee."

"Mimi sioni, dada."

"Huoni maandishi, au huoni kabisa?"

"Kabisa. Ulinitengenezea pedali mwaka juzi."

"Haa! Masikio! Pole jamani, nisamehe, nina mambo mengi. Sasa sikiliza. Hapo nyumbani kuna mtu mwenye macho?"

"Yupo, lakini simtaki."

"Humtaki?"

"Namtaka. Simtaki leo."

"Mambo ya ndani hayo, mimi simo," alisema fundi. "Hiyo inaonekana ni apdeti. Inaweza kuchukua saa nyingi, mashine yenyewe ya zamani. Usiizime. Ukiizima katikati unaweza kupoteza kila kitu. Mtafute mtu akusomee imefika asilimia ngapi. Mimi kwako ni kesho."

Kesho haikuwa na maana yoyote. Kulikuwa na njia moja iliyobaki, kumpigia Mwalimu Mkuu na kumjibu kwa mdomo, kisha amsihi asubiri maandishi. Alishika simu akaiweka chini, akaishika tena. Hakuthubutu. Yeye aliyekaa miaka kumi na moja akisikiliza mashahidi alijua uongo unavyosikika kooni, jinsi mtu anavyomeza mate kabla ya jina la anayemsingizia. Na yule mama angemsikia vilevile, kwa kuwa naye aliishi kwa masikio. Angesema "mke wangu amekataa", na upande wa pili wangejua papo hapo nani hasa amekataa. Kwenye maandishi mtu hamezi mate.

Akaendelea kuzunguka. Saa tano ilipita, ikapita saa sita. Chakula alikila kwa vijiko vitano, akasema ameshiba. Saa nane kamili Mama Pacha, aliyekuwa na siku yake ya mapumziko na aliyetaka kuifaidi kwa usingizi, alitokea mlangoni.

"Wewe, tangu asubuhi unaisaga hiyo sakafu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na uso wako unang'aa buluu. Kumbe leo mke mwenzangu amewasha taa!"

Kwa hiyo skrini ilikuwa inawaka, na tangu saa tatu ilikuwa ikiwaka mlango ukiwa wazi. Alijisogeza akaikinga kwa mgongo, mikono ameitanua kama mlinda mlango.

"Imeandika nini?" aliuliza, maana hakuwa na la kufanya tena.

"Nitasomaje na wewe umenizibia? Ngoja nivae miwani. Haya, sogea. 'Inasasisha. Asilimia thelathini na moja. Usizime kompyuta yako.' Basi. Na kiduara kinazunguka."

"Hakuna kingine?"

"Ulitaka kuwe na nini?"

"Hakuna," alisema Masikio, akarudi kitini.

Mama Pacha akavuta kigoda akakaa. Usingizi ulishampaa, na kazi ya kutaja asilimia ilimfurahisha. Wodini alikuwa amezoea kukaa karibu na mtu anayehangaika na kumhesabia. "Arobaini," alisema. "Usihangaike hivyo, inakuja tu yenyewe." Baadaye akasema, "Hamsini na tisa. Vuta pumzi." Masikio hakujua acheke au alie. Aliipenda sauti yake ikiwa karibu namna hiyo, na wakati huohuo alitamani aondoke. Saa tisa ikagonga. Saa tisa na nusu ikagonga, asilimia themanini na sita.

"Mama Pacha, si ulikuwa umelala? Nenda ukapumzike."

"Sasa hivi? Naona mwisho huu."

"Basi niletee chai."

"Wewe uliyeshiba vijiko vitano?"

"Nina kiu."

"Unanifukuza," alisema. Hakusema kwa hasira, lakini aliinuka. "Sawa. Mtu na mke wake."

Alisikiliza kandambili zake mpaka jikoni. Dakika chache baadaye feni ikazima, ikawaka, na mlio wa kuanza ukalia. Sijui kwa nini mlio huo haukumshtua, maana haukutoka kwenye hedifoni. Ulitoka juu ya kabati. Mapacha waliacha pale spika mbili kubwa, wakazifungulia sauti hadi mwisho kama ilivyo desturi ya umri wao, wakaenda zao kuanza maisha. Lakini Masikio alikuwa anahesabu dakika. Aliandika neno la siri, akagonga vitufe vyake vya kuita sauti, akasikiliza ndani ya hedifoni, akaambulia patupu. Akagonga tena, mara tatu, mara nne.

"Karibu," ikasema sauti kutoka kabatini, nzito, ya mwanamke msomi, taratibu kabisa. "Kazi yako ya mwisho imefunguliwa."

Hii haikuwa ile sauti yake. Ilikuwa msomaji mwingine aliyekuja na sasisho, na hakuzijua amri za mwenye nyumba. Jikoni Mama Pacha akaangua kicheko.

"Leo nimemwelewa!" alipaza sauti. "Baba Pacha! Kumbe anaongea kama watu!"

"Kwa Mwalimu Mkuu," ikaendelea sauti, bila haraka, kama inasoma taarifa ya habari. "Nakushukuru kwa kunipa nafasi ya kufundisha katika shule yako kwa miaka miwili."

Masikio aligonga kitufe cha kunyamazisha.

"Kontroli," sauti ilimtajia jina la kitufe kwa adabu, ikaendelea. "Mimi binafsi ningependa sana kuja."

Akagonga kingine. "Alti. Kwa masikitiko makubwa, mke wangu amekataa kabisa kuhama."

Aliruka kutoka kwenye kiti, pedali ikamnasa mguu, akajigonga goti, akalifikia kabati akipapasa. Hakujua swichi iko wapi kwenye spika zile. Alizikumbatia zote mbili kifuani, na sauti ikaendelea kusoma tumboni kwake. "Nimembembeleza kwa muda wa wiki tatu. Nimemsihi asubuhi na jioni. Msimamo wake haukubadilika. Naomba uelewe kwamba kwa hali yangu siwezi kuondoka bila yeye. Mwisho wa ukurasa."

Hapo ndipo ilipoamua kunyamaza. Masikio alibaki ameegemea kabati na spika mikononi. Kicheko jikoni kilikuwa kimekwisha zamani. Kandambili zilikuja pole pole, zikasimama mlangoni.

"Wiki tatu," alisema Mama Pacha.

"Nisikilize kwanza."

"Asubuhi na jioni. Mimi nikiwa wapi? Maana asubuhi nakukuta umevaa hayo madude masikioni, na jioni nakuacha umeyavaa."

"Ni maneno ya barua tu. Barua rasmi lazima uweke sababu."

"Na sababu ni mimi. Nimekataa. Tena kabisa!" Sauti yake ilipanda, ikashuka ghafla. "Huyo mwalimu wako atanijua mimi kama mwanamke aliyemfungia mumewe ndani. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa nini?"

Alikuwa na majibu matatu tayari, yote ya karani. Akafungua mdomo, na akajisikia anameza mate.

"Naogopa," alisema.

Alizikaza spika kifuani.

"Unakumbuka ile semina, mwaka wa pili baada ya macho? Nilikuambia nilikula vizuri, nililala vizuri. Nilitoka chumbani kwenda msalani, na kurudi sikukiona chumba. Nilisimama kwenye korido. Milango yote iko sawa. Watu walikuwa wanacheka ndani ya chumba kimoja, ningeweza kuwaita, nikaona aibu. Nilisimama mpaka asubuhi, Mama Pacha. Mwenye kufagia ndiye aliyenirudisha."

"Mpaka asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia ulilala vizuri."

"Ndiyo."

Alisikia kigoda kikivutwa na mkewe akikaa kwa uzito. Saa ikagonga saa kumi. Masikio, ambaye ofisi zilimlipa kwa kusikia kila pumzi iliyovutwa chumbani, aligundua kwamba hajui pumzi ile ya mkewe ina maana gani. Miaka yote alikuwa na kitu kwenye kila sikio. Iliuma kulijua hilo, na liliuma zaidi kwa sababu hakuwa na wa kumsingizia.

"Sasa niulize," alisema Mama Pacha.

"Nikuulize nini?"

"Ulichosema umeniuliza asubuhi na jioni. Niulize mara moja tu."

Akaziweka spika chini. Alinyoosha fulana yake, kama vile yule mwanamke ni mgeni. "Nimepata kazi ya miaka miwili, mbali. Utahama na mimi?"

Alifikiri. Mama Pacha alifikiri kweli, Masikio alimsikia akivua miwani, akiifuta, akiivaa.

"Hapana," alisema. "Wodi yangu iko hapa. Nina wanagenzi wanne ambao bado hawajui kushika mtoto. Hapana, sihami."

Na hapa lazima niseme jambo la aibu juu ya Masikio: alifurahi. Moyo ulimshuka mahali pake, akajikuta anatabasamu. "Basi barua ni ya kweli," alisema. "Haina haja hata ya kusahihishwa."

"Sijamaliza. Mimi sihami. Wewe nenda."

"Peke yangu?"

"Shule nzima ya wasioona, utakuwaje peke yako? Kule wewe ukisimama kwenye korido, nusu ya wanaopita wamewahi kusimama hapohapo. Mimi hapa nimekushika mkono miaka kumi na moja na hukuniambia. Labda wao utawaambia." Alikohoa. "Na mimi nimechoka, Baba Pacha. Kukushika mkono sijachoka. Nimechoka kuwa sababu. Harusi ya dada yako hukwenda kwa sababu mimi niko zamu. Mapacha hukuwatembelea kwa sababu mimi sipendi basi. Basi nalipenda mimi! Nakaa dirishani!"

Kila alichotaja kilikuwa kweli, na vingine hakuvitaja.

Saa kumi na nusu ilipogonga alikuwa bado ameketi mbele ya kibodi, mikono mapajani. Mama Pacha alichomoa waya wa spika, akasogeza kigoda karibu na skrini, miwani puani. Hakumhimiza. Saa kumi na dakika arobaini Masikio alianza kuandika. Hakuhitaji sauti kwa hilo, vidole vilijua njia. Alifuta barua nzima, akaandika mistari minne, akauliza, "Inasemaje?"

"Inasema mke wako amebaki kwa hiari yake kwa ajili ya kazi yake. Inasema wewe unakuja. Inasema unaomba siku za kwanza mtu akuonyeshe njia, kwa sababu unaogopa kupotea." Alisogeza miwani. "Hilo la mwisho umelikosea herufi."

Akasahihisha. Alipeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma, akakibonyeza kabla hajabadili nia, akabaki amekishikilia kama mtu anayebonya kengele ya nyumba isiyofunguliwa.

"Kiachie," alisema Mama Pacha. "Imekwenda."

Akakiachia. Wote wawili wakakaa wakisikiliza feni. Alitaka kumshukuru, na hakujua aanzie wapi, ndipo mkewe alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia zamu, "Na wanakutaka lini?"

Hakuwa amefikiria swali hilo. Lilikuwa kwenye barua yao tangu siku ya kwanza, na katika barua ya kukataa hakuna haja ya kutaja tarehe.

"Jumapili," alisema. "Siyo keshokutwa. Ile inayofuata."

Alimsikia akihesabu kwa vidole, kucha zikigonga ukingo wa meza, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka tisa. Kisha vidole vikatulia.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema Mama Pacha, "sasa hivi ningekuwa nimeshaanza kuzoea."